Krediti 38 za jeshi zimekubaliwa chuoni, 15 tu ndizo zilizonifaa

MtunzaBohari

Wakuu, habari za wakati huu. Uzi huu ni wa ndugu zetu wanaotumikia au waliowahi kutumikia jeshi la Marekani na sasa wanatafuta digrii. Utakuwa mrefu, nivumilieni, maana haya mambo nimeyajua kwa kuumia.

Nilikaa Army miaka minane. Kazi yangu ilikuwa 92Y, mtunza bohari wa kikosi, na nilitoka na cheo cha sajini taji. Siku niliyopeleka transkripti yangu ya jeshi chuoni, dada wa ofisi ya msajili aliniambia nina bahati, krediti 38 (krediti ni kipimo cha masomo ya chuo) zimekubaliwa. Digrii nzima ni krediti 120. Nikapiga hesabu nikiwa nimesimama palepale: karibu theluthi ya safari imekwisha na bado sijakaa darasani hata siku moja. Nilimpigia mke wangu simu kabla sijafika kwenye gari.

Wiki tatu baadaye mshauri wa masomo akanifungulia mpangilio wa digrii yangu ya usimamizi wa biashara. Krediti 3 zimeingia kwenye mazoezi ya viungo. Nyingine 3 kwenye mawasiliano. Zilizobaki, 32, zote zimeandikwa somo la hiari, na digrii yangu ina nafasi ya krediti 9 tu za hiari. Kwa hiyo zilizofanya kazi ni 15. Zile 23 zinaning'inia: ziko kwenye rekodi, zinasomeka, lakini hazinipunguzii darasa hata moja. Na kwenye orodha ya masomo yaliyonisubiri lilikuwemo somo la usimamizi wa mali ghalani. Miaka minane nilihesabu mali ya kikosi, kila kifaa kikipotea mimi ndiye wa kwanza kuulizwa, leo nalipia nifundishwe jinsi ya kufanya hesabu ya bohari.

Kwa wasiojua utaratibu: American Council on Education, wengi tunaiita ACE, imekuwa ikipitia mafunzo ya jeshi tangu 1945. Inakusanya walimu wa vyuo wanaofundisha somo husika kwa sasa, wanakagua mtaala wa kozi, mitihani yake na muda wake, kisha wanakubaliana kwamba kozi hii inastahili krediti kadhaa, za somo fulani, za ngazi fulani. Matokeo yake ndiyo unayoyaona kwenye Joint Services Transcript, yaani JST, inayotumiwa na Army, Navy, Marine Corps na Coast Guard. Kuipata ni bure. Kila mstari una herufi: V ni krediti za ufundi, L za miaka miwili ya mwanzo ya chuo, U za miaka ya juu, G za uzamili. Lakini yote hayo ni mapendekezo. Chuo kinaweza kuyachukua yote, nusu, au kisichukue hata moja.

Wenzetu walifika hapo kwa sababu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza vyuo vingi viliwapa askari krediti za jumla kwa sababu tu walikuwa wametoka vitani, hakuna aliyeuliza walijifunza nini. Nia ilikuwa njema, kipimo hakikuwepo. Vita ya Pili ilipokaribia kwisha na GI Bill ya 1944, sheria ya kuwalipia masomo askari waliotoka vitani, ikawa inakuja na askari wengi sana, ikabidi kipimo kitafutwe. Mimi kipimo hicho nakiheshimu. Kinachoniuma ni kwamba kipimo kimekwisha kufanyika, walimu wamekwisha kukaa na kusema hii ni krediti ya usimamizi, halafu chuo kinaipokea na kuitupa kwenye kapu la hiari.

Nilichofanya ni hiki. Niliingia kwenye mwongozo wa kijeshi wa ACE, uko wazi mtandaoni, nikatafuta kozi zangu kwa namba zake. Kozi za Army huanza na AR, na kazi zetu huanza na MOS. Kila moja ina ukurasa wake unaoeleza mwanafunzi alijifunza nini na alipimwaje. Kisha nikaomba silabasi za masomo matatu ya chuo: usimamizi wa mali ghalani, utangulizi wa uongozi wa taasisi, na matumizi ya kompyuta ofisini. Nikachora jedwali la safu mbili. Kushoto malengo ya somo la chuo, kulia nilichojifunza jeshini na tarehe. Pale ambapo sikuwa na cha kuandika, niliacha wazi, sikujaza uongo.

Halafu, na hapa ndipo nilipokuwa nimekosea mwanzoni, sikurudi kwa msajili. Nilikwenda kwa mkuu wa idara. Msajili anaamua kama krediti inaingia chuoni. Idara ndiyo inayoamua inachukua nafasi ya somo gani. Nilikuwa nimepoteza mwezi mzima nikimsumbua mtu asiye na mamlaka hayo. Mkuu wa idara alisoma jedwali langu kwa dakika kumi na tano, akaniuliza maswali manne ya kazi, na akasaini yote matatu. Krediti 9 zikatoka kwenye zile 23 na kuingia mahali pake. Madarasa matatu hayo.

Sasa nauliza: kwa nini jedwali lile nilichore mimi? Chuo kimepokea watunza bohari wangapi kabla yangu? Kila mmoja anaanza upya kubisha hodi, na asiyejua mlango wa kubisha anasoma tena anachokijua. Wenzangu mmepitia nini?

---

MwalimuWaHesabu

Mkuu, umeeleza vizuri na umenikuna mahali. Nafundisha chuo cha jamii cha miaka miwili na nimekaa kwenye kamati ya kupokea krediti za nje kwa miaka sita. Naomba nisemee upande wetu, si kwa kuutetea bali ili mjue mnaongea na watu wenye hofu gani.

Tulikuwa na kijana wa Navy, fundi wa elektroniki. Tukampa masomo mawili ya saketi, akaruka moja kwa moja hadi la tatu, akawa bora darasani. Alikuwa ameshika vifaa ambavyo mwalimu wake alivisoma kitabuni tu. Mwaka huohuo alikuja mwingine, transkripti yake ina krediti za hesabu za ufundi. Mtu wa ofisini akaona neno hesabu akampa aljebra ya chuo. Kijana akaingia kalkulasi. Kufikia wiki ya tano alikuwa anakaa nyuma, haulizi kitu, na wiki ya nane akaacha. Yule hatukumsaidia. Tulimpa krediti tukamnyang'anya msingi, na kushindwa kwake kuliingia kwenye wastani wake wa alama, si wetu sisi tuliosaini.

Tangu hapo swali langu kwenye kamati ni moja: huyu akiingia somo linalofuata hili, atasimama? Kama somo halina linalofuata, sioni sababu ya kuwa mgumu. Kama lina linalofuata, nataka kuona ushahidi, na nafurahi mtu akiniletea jedwali kama lako. Kusema kweli wengi hawaleti. Wanaleta JST na hasira.

---

MtunzaBohari

Mwalimu, nakubali habari ya kalkulasi kwa moyo wote. Lakini mnapokuwa na wasiwasi, kwa nini msimpe mtu mtihani wa mwisho wa somo lile? Akifaulu mpe nafasi, akishindwa ataingia darasani bila kinyongo. Mimi mngeniwekea mtihani wa bohari ningeufanya jioni ileile. Mnachofanya wengi ni kuandika hiari na kugeuza ukurasa, halafu takwimu zenu zinaonyesha mmepokea krediti 38 za askari. Kuhusu hasira, umesema kweli. Mimi pia siku ya kwanza nilikwenda nayo.

---

MwalimuWaHesabu

Mtihani wa somo tunao, na kwetu ada yake ni ndogo. Hautangazwi. Hilo ni kosa letu na nitalipeleka kwenye kikao.

---

DadaTiba

Nami niseme yangu. Nilikuwa 68W, tabibu wa kikosi. Mafunzo yetu yako Fort Sam Houston, San Antonio, wiki kumi na sita, na katikati yake unafanya mtihani wa taifa wa EMT, yaani mhudumu wa dharura. Usipofaulu huwi 68W. Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mitano, mmoja kati ya hiyo nje ya nchi. Nimefunga mishipa inayovuja damu gizani. Nimewafundisha wengine kufanya hivyo.

Nilipoingia uuguzi nilidhani nitasogezwa mbele. Sikusogezwa hata hatua moja. Krediti zangu za huduma ya dharura zilikubaliwa chuoni, lakini programu ya uuguzi ina mpangilio wake, na nyuma yake kuna bodi ya uuguzi ya jimbo. Nikakaa wiki nzima kwenye maabara nikifundishwa kupima mapigo ya moyo na shinikizo la damu na binti wa miaka ishirini na moja, mpole sana, ambaye hakujua nimetoka wapi. Nililia kwenye gari, sioni aibu kusema.

Lakini niwe mkweli kama nilivyofundishwa kuandika ripoti ya mgonjwa. Anatomia na fiziolojia nilihitaji kusoma. Jeshini nilijifunza mwili kwa ajili ya majeraha: damu inatoka wapi, njia ya hewa iko wapi, una dakika ngapi. Sikujua figo inafanyaje kazi kwa mzee mwenye kisukari. Sikujua kumhudumia mama aliyetoka kujifungua. Kazi ya muuguzi kwa sehemu kubwa ni watu wazima wenye magonjwa ya muda mrefu, na wagonjwa wangu walikuwa vijana wenye afya waliopigwa ghafla. Kwa hiyo anayesema tabibu wa jeshi apewe leseni ya uuguzi kesho asubuhi, simuungi mkono. Ninachotaka ni ngazi inayoanzia pale niliposimama. Baadhi ya vyuo vina programu ya daraja kwa matabibu wa jeshi, wanakuachia ulichokwisha kukijua na kukufundisha kilichobaki. Mimi nilijua habari hiyo nikiwa muhula wa tatu. Wanaokuja nyuma yangu, ulizeni swali hilo KABLA ya kujaza fomu ya kujiunga: mna programu ya daraja kwa tabibu wa jeshi, ndiyo au hapana?

---

KoploMpya

Shikamooni wakubwa. Mimi bado niko kazini, 25B, mambo ya kompyuta na mitandao. Nimebakiza miaka miwili. Kuna sajenti ameniambia nichukue kila krediti ninayoweza kupata, JST yote, mitihani ya CLEP yote (ile ya kupata krediti bila kukaa darasani), kwa sababu krediti ni krediti. Mnasemaje? Na hizo krediti zikizidi kuna ubaya?

---

KaungaPosho

Marahaba mdogo wangu. Nafanya kazi ofisi ya wanajeshi katika chuo kimoja, mimi ndiye ninayepeleka taarifa za wanafunzi VA, idara ya serikali ya masuala ya wastaafu wa jeshi, ili walipwe. Swali lako la mwisho ndilo ambalo watu hawaulizi mpaka wameshaumia, kwa hiyo nitakaa hapo.

Ndiyo, zikizidi kuna ubaya. GI Bill ya baada ya 9/11 inakupa miezi 36. Inalipa ada, na inalipa posho ya nyumba kulingana na wingi wa masomo uliyochukua muhula huo. VA inalipia masomo yanayohitajika kwenye digrii yako tu. Sasa fikiria mtu ambaye chuo kimejaza nafasi zake zote za hiari kwa krediti za jeshi. Muhula mmoja masomo ya fani yanayotolewa ni mawili, mengine yana masharti ya kutanguliwa na somo jingine. Mwanafunzi wa kawaida angeongeza masomo mawili ya hiari, akafikisha krediti 12 za muda kamili. Huyu hawezi. Nafasi za hiari zimejaa, siwezi kumthibitishia VA masomo yasiyohitajika. Posho ya nyumba hupungua ukiwa chini ya muda kamili, na ukifika nusu ya muda au chini yake haipo kabisa. Huyu anabaki na krediti 6, nusu kamili, kwa hiyo hapati posho hiyo. Nimeona baba wa watoto watatu akikaa mbele yangu akiuliza mbona amepata krediti nyingi na pesa imepungua. Kuna nafuu muhula wa mwisho tu, hapo VA huruhusu kujazia masomo mengine ufikie muda kamili. Mihula ya katikati hakuna.

Wala huwezi kuificha JST yako. Chuo kinachopokea pesa za VA kinatakiwa kukagua mafunzo yako ya nyuma na kukupa krediti zinazostahili. Unachoweza kufanya ni kuchagua fani ambayo krediti zako zinaingia ndani yake, na kupigania ziingie kwenye fani badala ya hiari, kama MtunzaBohari alivyofanya. Hilo jedwali lake halikumwokolea madarasa matatu tu.

Jambo jingine. Misaada ya masomo ya serikali kuu ina ukomo wa asilimia 150 ya urefu wa digrii. Digrii ya krediti 120, ukomo ni 180. Krediti za nje zilizokubaliwa kwenye digrii yako zinahesabiwa humo, na vyuo vingine huhesabu hata zile zisizokufaa kitu. Kwa mtu mwenye 38 si tatizo. Kwa mtu aliyezunguka vyuo vitatu akiwa kazini na kurundika 90, akabadilisha fani mara moja, anajikuta amegonga dari.

Kuhusu CLEP, sajenti wako ana nusu ya ukweli. Mitihani ipo 34, DANTES, ofisi ya elimu ya wizara ya ulinzi, inakulipia jaribio la kwanza la kila mtihani ukiwa kazini, na ACE inapendekeza krediti kuanzia alama 50. JST yako itajaa kompyuta na uongozi. Kitakachokosekana ni fasihi, historia, sayansi ya asili, saikolojia, yale masomo ya msingi ambayo kila digrii inayadai. Hapo ndipo CLEP inaziba. Chagua chuo kwanza, chukua orodha yake ya mitihani wanayoipokea na alama wanazotaka, ndipo ukae kwenye kiti cha mtihani. Na kwa masomo ambayo CLEP haigusi, tumia Tuition Assistance, msaada wa ada wa jeshi, ukiwa bado ndani: mpaka dola 250 kwa krediti, na miezi yako 36 unaiacha ilale.

---

MrukajiMstaafu

Kwa walioko Air Force na Space Force, sisi JST si njia yetu kuu. Tunayo Community College of the Air Force, tangu 1972, chuo chenye ithibati ambacho mwanajeshi asiye afisa anaandikishwa humo. Mafunzo yako ya kiufundi yanaingia kama krediti za chuo chenyewe, na ukikamilisha masomo machache ya msingi unatoka na digrii ya miaka miwili. Faida nimeiona kwa macho yangu: nilipohamia chuo kikuu sikubishana na mtu. Transkripti ilitoka chuo kwenda chuo, na jimbo nililokuwepo vyuo vya umma vinapokea digrii ya miaka miwili kama kifurushi kizima. Nawaonea huruma wa Army kwa kupigania kozi mojamoja. Sijawahi kuelewa kwa nini mpango huo haukuenezwa kwa majeshi yote.

---

LughaYaMama

Ndugu zangu, mnasahau kitu mlicho nacho mdomoni. CLEP ya lugha ni Kifaransa, Kijerumani na Kihispania tu. Lakini jeshi lina mtihani wake wa lugha, DLPT, na ACE imeshaupitia na kuupendekezea krediti. Nilifanya wa Kiswahili kwa ajili ya posho ya lugha, sikuwaza chuo kabisa. Miaka minne baadaye digrii yangu ikadai mihula miwili ya lugha ya kigeni. Nikapeleka matokeo yale, wakaniondolea sharti lote. Vyuo vingine vinakataa kutoa krediti kwa lugha uliyozaliwa nayo lakini vinakubali kuondoa sharti. Kwangu ilitosha, madarasa mawili sikuyalipia.

---

MtunzaBohari

LughaYaMama, mimi nina DLPT hiyo na sikuwahi kuitoa kwenye bahasha. Nashukuru sana.

Na kwa wanaochagua jimbo la kuishi baada ya jeshi: angalieni sheria. Minnesota ina sheria inayovitaka vyuo vyake vya umma kutambua kozi za jeshi kwa kufuata viwango vya ACE. Ohio ilipitisha sheria yake 2014. Texas ina College Credit for Heroes tangu 2011. Sheria haimalizi kila kitu, maana swali la hiari au fani linabaki kwa idara, lakini walau unaingia ofisini ukiwa na kitu cha kushika.

---

KoploMpya

Wakubwa, nimerudi. Jana nilitoa JST yangu kwa mara ya kwanza maishani. Kozi mbili hazimo kabisa: ya uongozi wa awali niliyoimaliza mwaka jana, na ya usalama wa mitandao ya wiki mbili. Ile ya uongozi nina fomu yake ya tathmini, DA 1059. Ya mitandao nina cheti tu. Je, nipeleke wapi?

---

KaungaPosho

Zote mbili peleka kituo cha elimu cha kambi yako, na uombe rekodi irekebishwe ukiwa bado kazini. Ukishatoka inawezekana, lakini unaandika barua kwa watu wasiokujua. Hiyo 1059 ndiyo wanayoitaka. Cheti cha wiki mbili kiangalie kwanza kwenye mwongozo wa ACE. Kama kozi haijapitiwa, haitakuja na krediti, ila usikitupe. Kipo jedwali la safu mbili hapo juu, na mkuu wa idara anaruhusiwa kusoma cheti.

---

KoploMpya

Kituo kinafunguliwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Nitakuwepo na bahasha yangu. Nimeanza pia kuchora jedwali, safu ya kulia tayari ina mistari kumi na moja.